Ombi la Kurudi Kwenye Umaskini

Watu wa kata yetu wakitaka kuililia serikali, wanaanzia kwangu. Duka langu linatazamana na geti la ofisi ya kata. Ndani kuna mashine moja ya kopi, kompyuta moja inayokoroma, benchi la wateja, na mimi Xuyen, mwenye mdomo ambao marehemu mume wangu aliuogopa kuliko mafuriko. Naandika maombi ya vyeti vya kuzaliwa, mashtaka ya mipaka ya mashamba, hata barua za kuombana radhi kwa ndugu wasiosemeshana. Lakini kila mwezi wa nane, matokeo ya mtihani yakishatoka, kazi inakuwa moja tu: watoto waliofaulu wanakuja tuandike shida zao ili chuo kiwaonee huruma.

Nimeandika shida mpaka kidole kimeota sugu. Na nikwambie, wenye vyuo hawataki shida mbichi, wanataka iliyopigwa pasi. Baba amekufa, sawa, amekufa mwaka gani na cheti kiko wapi? Mama ameondoka, sawa, nani anathibitisha? Shida isiyo na muhuri mwekundu kwao ni umbeya tu. Watoto wa miaka kumi na minane wanakaa kwenye lile benchi wananitajia magonjwa ya baba zao huku wanatazama viatu, na mimi nawaambia sema kwa sauti, usione haya, haya haisomeshi mtu.

Lua alipoingia dukani mwaka ule na bahasha mkononi, nilijua amefuata nini. Nilijua pia kwamba hatakipata kirahisi, na kwamba mmoja wa kulaumiwa ni mimi.

Lua alilelewa na bibi yake, Bibi Thoan. Baba yake alianguka kutoka ghorofa ya tisa kwenye ujenzi huko Hanoi, mtoto akiwa na miaka minne. Mama yake akaenda kusini kushona viatu kiwandani, akaolewa huko, akanyamaza. Bibi Thoan akabaki na mjukuu, kibanda cha matofali mabichi, bata wachache, na mitungi ya biringanya za chumvi anazouza sokoni. Miaka yote hiyo walikuwa kwenye orodha ya kaya maskini. Walikuwa na kitabu chao, na kwa kitabu hicho walipata bima ya matibabu, mchele wa sikukuu ya mwaka mpya, na ada ya shule ilisamehewa.

Sasa shuleni, kila Jumatatu wakati wa kupandisha bendera, mwalimu mkuu alikuwa na kawaida ya kuita mbele watoto wa kaya maskini wapewe zawadi: madaftari, sukari, mkoba wa plastiki wenye jina la mfadhili. Wanapigwa picha, wanapigiwa makofi. Lua alipofika miaka kumi na mitano alirudi nyumbani Jumatatu moja akatupa madaftari chini, akasema haendi tena shule, wenzake wanamwita Binti Kitabu. Alilia mpaka akatapika.  Bibi Thoan alitia tambuu kinywani, akavaa kofia yake ya majani, akaja kwangu.

"We Xuyen, mwanangu, niandikie barua," akasema. "Naomba kutoka kwenye umaskini."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mwaka ule kata yetu ilikuwa inatafuta sifa ya kijiji kipya cha mfano, na Mzee Luong, mwenyekiti wa kitongoji chetu, alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba anawabembeleza watu wajitoe kwenye orodha, maana maskini wakizidi, sifa haipatikani. Wengine walimfukuza kwa fagio. Bibi Thoan alijipeleka mwenyewe.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nilimwandikia barua ya kupendeza. Nilipaswa kumuuliza, mama, una uhakika? Sikuuliza. Nilishikwa na raha ya kalamu. Niliandika kwamba ndama aliyepewa na mradi wa kaya maskini amezaa mara mbili, wakati ndama huyo alikufa kwa baridi kabla hajaota pembe. Niliandika kwamba mikono yake bado ina nguvu, kwamba wapo wanaohitaji kuliko yeye, na kwamba anataka mjukuu wake akue akijua kutoa kabla ya kupokea. Bibi Thoan hajui kusoma. Nilipomsomea alifuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema, "Ni mimi huyo?"

Barua ile ilisomwa kwenye vipaza sauti vya kata alfajiri tatu mfululizo. Gazeti la mkoa likaichapa pamoja na picha yake. Mwenyekiti wa kata akampa cheti cha pongezi kwenye fremu ya dhahabu bandia, naye akakitundika chini ya picha ya marehemu mwanawe, mahali pa kuchomea ubani. Lua akaacha kuitwa mbele Jumatatu. Kwa hilo, nakiri, nilimwona anatembea ameinua shingo.

Sasa miaka mitatu imepita, Lua amekaa kwenye benchi langu, na bahasha inasema amechaguliwa kusomea ufamasia. Ada yake hata nikikutajia itakuwa kama nakutajia umbali wa mwezi. Upo mfuko wa ufadhili chuoni hapo unaosomesha mtoto mpaka amalize, chumba na chakula juu yao. Unataka vitu viwili: barua ya mwombaji akieleza hali ya nyumbani kwao, na uthibitisho wa kata.

"Shangazi, sitaki bibi ajue nimeandika nini," Lua aliniambia. "Akijua tumejitangaza maskini tena, atakufa kwa fedheha."

Nikamwelewa. Nikafunga mlango wa duka, tukaandika. Safari hii sikutia chumvi hata punje, kwa sababu haikuhitajika. Lua alisema mwenyewe na mimi nikapanga maneno. Alisema miezi ya mvua, soko likifungwa na maji, wanakula wali na biringanya za chumvi wiki nzima, na bibi anampakulia yeye kisha anasema mimi nimeshiba, nilionja jikoni. Alisema bibi ana kifua kinachopiga filimbi na hajaenda hospitali tangu bima iondoke. Alisema paa la jikoni limeshikwa na gunia. Hakulia. Mimi ndiye niliyejifanya natafuta karatasi chini ya meza.

Tukavuka barabara kwenda ofisi ya kata. Mzee Luong alikuwepo, akaisoma barua mara mbili huku anajikuna shavu. Akasema mambo haya ni kweli, yeye anaishi nyumba ya tatu kutoka kwao, anajua. Lakini kata itathibitishaje kwamba ni maskini mtu ambaye kata yenyewe ilimpa cheti kwa kuutoka umaskini? Orodha inapangwa upya mwezi wa kumi na moja, kitongoji kikikutana na kunyoosha mikono. Mpaka hapo, Bibi Thoan si maskini. Nilimtolea maneno ambayo sitayarudia. Mwishowe ofisi ikapiga muhuri mwekundu, mzuri, mviringo, na juu yake wakaandika: "Mwombaji ni mkazi wa kata hii." Basi. Lua ni mkazi. Kana kwamba kuna aliyebisha.

Bahasha ikaenda. Baada ya siku kumi, simu ikaja kwangu, maana niliweka namba yangu. Mwanamke wa mfuko, anaitwa Khue, sauti ya upole, akasema barua imewagusa lakini uthibitisho haujakaa sawa, kwa hiyo atakuja mwenyewe kuiona nyumba. Keshokutwa. Nilifurahi nikapiga kofi mezani. Nyumba ile ikionekana tu, nilijiambia, hakuna haja ya barua.

Nilikwenda kumwambia Bibi Thoan. Hapa ndipo nilipoharibu, na nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko sala. Nilitakiwa kumwambia: mama, anakuja mtu kupima shida yenu, mwonyeshe. Lakini nilikuwa nimemwahidi Lua. Kwa hiyo nilisema tu kwamba mtu wa chuo anakuja kuiona nyumba, na kwamba aiache ilivyo, asihangaike. Bibi Thoan akaitikia, vizuri, vizuri. Macho yake yakawa yanazunguka kuta.

Kwetu, mtu akija kuiona nyumba maana yake ni moja. Ni wakwe. Kabla ya posa, upande wa mwanamume wanatuma watu kuja kunywa chai, nao wanatazama: sakafu imefagiwa? Wazee wa hapa wanajua kukaribisha? Mtoto ametoka kwenye nyumba ya watu? Msichana anaweza kukosa mume kwa sababu ya kikombe chenye ufa. Bibi Thoan alimlea mwanawe na mjukuu wake kwa kanuni hiyo, na mimi, niliyezaliwa hapahapa, nikaisahau.

Siku ya mgeni nilifika mapema, nikasimama uani. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa chokaa, mweupe mpaka unaumiza macho. Mlangoni kulikuwa na pazia la maua la jirani. Ndani, feni ya Mzee Luong ilikuwa inazunguka, seti ya vikombe ya mke wake iko mezani, na kitanda cha Lua kimefunikwa shuka jipya lenye mikunjo ya dukani. Mlango wa jikoni, kule kwenye paa la gunia, ulikuwa umezibwa kwa jamvi. Bata anayetaga, yule mmoja wa kutegemewa, alikuwa chunguni tayari. Bibi Thoan amevaa nguo yake ya zambarau ya sikukuu, meno yake, yaliyotiwa rangi nyeusi tangu usichana kama wazee wa kwetu, yanang'aa kwa furaha.

"Umeona?" akaniambia. "Hatutamwaibisha mtoto."

Nilifungua mdomo nimwambie. Mgeni alikuwa ameshafika getini.

Khue alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu. Alivua viatu, akamwamkia bibi kwa mikono miwili, akachoma ubani kwa marehemu kabla ya kuketi. Alipoinua kichwa kutoka kwenye ubani akakisoma cheti, chote, mpaka tarehe. Akarudi mezani, akatoa barua ya Lua kwenye mkoba akaiweka magotini. Akauliza mambo ya kawaida: bibi una umri gani, afya je. Afya njema, akasema Bibi Thoan, na kifua kikapiga filimbi, akakizuia kwa chai. Akauliza wanakula nini.

"Tunakula vizuri, mwanangu," Bibi Thoan akasema. "Hatuna shida. Huyu mtoto hajawahi kulala njaa ndani ya nyumba hii."

Mtu haambiwi habari za njaa mezani pako wakati yeye ni mgeni wako. Hata mimi, kwa mdomo wote huu, nisingesema vinginevyo. Nilimkanyaga bibi mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake, akaniomba radhi.

Khue akamgeukia Lua. Aliuliza polepole, bila ukali, na niliona kwamba alitaka asaidiwe ili amsaidie.

"Lua, nimesoma barua yako. Na sasa nimemsikia bibi. Nishike lipi?"

Lua alikuwa amesimama kando ya jamvi, birika mkononi. Alikuwa na haja ya kufanya jambo moja tu, kulivuta lile jamvi, na jiko lingejieleza. Alimtazama bibi yake. Bibi Thoan alikuwa ameketi wima na nguo yake ya zambarau, anatabasamu, anasubiri mjukuu amalizie kazi nzuri aliyoianza.

"Bibi amesema kweli," Lua akasema.

Nikaingilia. Nikasema hapana, dada, subiri, hii feni si yao, hili pazia si lao. Bibi Thoan akanitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekutemea mate arusini. Khue akawa anatutazama mmoja baada ya mwingine, amechoka usoni. Akala nyama ya bata kidogo kwa heshima, akaaga. Getini nilimshika mkono nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, nakuamini. Lakini ripoti yangu lazima iseme nilichokiona na nilichoambiwa na familia." Akapanda pikipiki yake akaenda.

Nilirudi ndani nimewaka. Lua alikuwa amekwenda kisimani. Nikamwambia Bibi Thoan, mama, umemfukarisha mtoto kwa kujifanya tajiri, na maneno mengine ya aina hiyo, Mungu anisamehe. Hakunielewa. Nikalazimika kumweleza mfuko ni nini, mgeni alikuja kutafuta nini. Kisha nikatoa kopi ya barua, maana mimi kila kitu natoa kopi, nikamsomea. Ya wali na biringanya. Ya nimeshiba, nilionja jikoni. Ya kifua. Alisikiliza mikono imelala mapajani. Nilipomaliza, feni ya watu ilikuwa bado inampepea.

"Kumbe alikuwa anajua kwamba sionji jikoni," akasema. Halafu akasema, "Mbona hukuniambia, Xuyen?"



Akainuka, akakitoa cheti ukutani, akakifuta vumbi kwa mkono wa nguo, akanikabidhi. Akaniambia nimwandikie barua nyingine, na safari hii niandike anavyosema yeye, nisiongeze urembo. Niliiandika palepale juu ya meza ya mgeni, na ndiyo barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Jina langu ni Thoan. Miaka mitatu iliyopita niliomba kutoka kwenye umaskini. Nilikuwa bado maskini. Mjukuu wangu alikuwa anaona haya na mimi sikutaka aone haya. Naomba kurudi. Akatia dole gumba.

Nilituma nakala kwa mfuko na nyingine nikampelekea Mzee Luong. Mzee Luong akasema katika miaka yake ishirini ya uongozi ameona fomu za kutoka, hajawahi kuona fomu ya kurudi. Lakini aliipokea, na nilimwona anaikunja kwa uangalifu. Mfuko haukujibu. Orodha yao ilipotoka mwanzoni mwa mwezi wa tisa niliisoma kwenye kompyuta yangu inayokoroma kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Lua hakuwemo. Tarehe ya kujisajili chuoni ikapita. Wiki iliyofuata gari la kiwanda cha simu, lile linalokuja kuchukua wasichana kwenda kaskazini, likasimama mbele ya duka langu, na Lua akapanda na begi moja. Alinipungia mkono. Nilitaka kumwambia nisamehe, nikamwambia avae sweta, kaskazini kuna baridi.

Mwezi wa kumi na moja kitongoji kikakutana. Mzee Luong akasoma majina. Kwa kawaida mkutano huo ni vita. Mtu akinyanyua mkono kumpa jirani umaskini, mwingine anakumbusha kwamba jirani huyo ana pikipiki mbili. Lilipotajwa jina la Bibi Thoan, mikono yote ikanyooka, hata ya wale waliokuwa wanasinzia. Mimi nilinyoosha wangu mpaka bega likauma. Wanawake wakamzunguka kumpongeza, hongera mama, hongera sana, naye akawa anashukuru kwa kuinama.

Kitabu kilipotoka alikuja nacho dukani kabla hata sijawasha mashine. Alikuwa amekifunga kwenye kitambaa cheupe. Akakifungua juu ya kioo cha mashine kwa vidole viwili.

"Nitolee kopi kumi," akasema. "Za Lua. Mwakani akiomba tena, muhuri usije ukakosekana."

Nikakifungua kutafuta ukurasa wa majina. Mkuu wa kaya: Thoan. Idadi ya watu katika kaya: mmoja. Nikageuza ukurasa, nikarudi. Nikamwambia anisubiri, nikavuka barabara. Mzee Luong hakuinua macho. Akasema Lua sasa ana mshahara wa kiwandani. Ukimhesabu, bibi anavuka kiwango cha kipato, haingii kwenye orodha. Ndiyo maana akamtoa. Alikuwa anafanya wema, akasema, na najua alikuwa anasema kweli.

Nilirudi polepole. Bibi Thoan alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini, anatazama mashine. Ningeweza kumtolea zile kumi, akaenda nazo, akaziweka chini ya mto mpaka mwakani. Nilifikiria hivyo, nakiri. Lakini nilishamficha mara moja. Nikakaa kando yake nikamwonyesha mstari kwa kidole, ingawa hasomi, nikamwambia yote: kwamba ili yeye awe maskini ilibidi Lua asiwe wake, na kwamba jina la mtoto halimo humu.

Aliutazama mstari ule. Akaupitishia kidole gumba, kilekile alichotilia sahihi.

"Basi," akasema, "nitolee moja tu. Yangu."